Kuni za Matanga ya Mzee Shimuli

Wenzangu mliobaki ofisini mmeniomba niandike niliyojifunza kazini kabla sijayasahau. Nimekaa barazani kwangu Shieywe siku tatu na daftari, na nimegundua kwamba niliyojifunza ni machache sana kuliko niliyofundisha. Kwa karibu miaka thelathini niliwaambia watu wa Kakamega wapunguze kuni, wafunge bomba, wasitupe karatasi za nailoni mtaroni na wapande miti. Wengi walinisikiliza kwa adabu, kisha wakaniuliza kama nitakunywa chai.

Vyeo na mishahara nitavipita, kwa kuwa hata vyenyewe vilinipita mara kadhaa. Nitaeleza nilivyoanza, aliyenifundisha kazi na kifaa alichonipa. Halafu nitaeleza kwa kirefu habari ya chemchemi moja nje kidogo ya Lurambi, iliyokaribia kukauka kwa sababu mzee mmoja alikuwa anajiandalia matanga yake.

Siku ya kwanza nilifika ofisini na shahada ya sayansi ya mazingira na viatu vipya vya ngozi. Nilipewa kazi ya kuandaa bango la mkutano wa hadhara. Nikamwita mchoraji, nikamtajia maneno kwa mdomo, nikaenda kula. Sasa, mchoraji alikuwa mtu wa kwetu, na mimi ni mtu wa kwetu, na kwetu ulimi hauoni sababu ya kutenganisha l na r. Bango likasimama kando ya barabara siku nne: RINDA MSITU WAKO. Akina mama wa Lurambi walijaa mkutanoni kuliko mkutano wowote uliopata kufanyika pale, wakauliza kwa upole marinda yatagawiwa saa ngapi na kama kuna ya watu wanene. Vijana wa mjini walicheka kwa sababu nyingine, ambayo haiandikwi kwenye daftari la serikali. Nilimlaumu mchoraji wiki nzima, mpaka mkuu wangu aliponiomba nilitamke neno lile mbele yake, polepole. Nikalitamka. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye faili zake.

Mkuu huyo alikuwa Bi. Zaituni, mzaliwa wa Mumias, ambaye kila asubuhi aliitolea ofisi nzima salamu ya "Asalaam aleikum", pamoja na makabati. Hakuwa na shahada. Alinifuata kanisani kusikiliza hotuba yangu ya kwanza kuhusu hewa ya ukaa, akakaa nyuma, akanisubiri nje.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Ulimwona yule mama wa leso ya kijani?"

"Aliyekuwa anaitikia kwa kichwa?"

"Alikuwa anasinzia."

Tangu siku hiyo akanipeleka majikoni. Kanuni yake ilikuwa kwamba ukifika kwa mtu usiyataje mazingira. Omba kuingia jikoni, ukae upande ambao moshi unaelekea. "Ukianza kutoka machozi," alisema, "sasa mnaweza kuongea." Nilitoka machozi katika majiko ya Lurambi, Malava na kwingineko kwa miaka mingi, na sijui kama kuna afisa mwingine wa serikali aliyelia hivyo akiwa kazini.

Kifaa chake kilikuwa kamba ya katani, urefu wa pima mbili. Unazungushia kamba mzigo wa kuni ambao nyumba hiyo huumaliza kwa wiki, unapiga fundo pale inapokutana. Kisha mnajenga jiko la udongo la kuokoa kuni, lenye mdomo mdogo na mahali pa kukalisha sufuria mbili. Baada ya mwezi unarudi, unazungushia mzigo wa wiki tena. Kamba inayobaki ikining'inia kutoka kwenye fundo ndiyo habari yako. Mwenye nyumba anaishika mwenyewe. Huna haja ya kusema kitu, jambo ambalo kwangu lilikuwa gumu, maana nilikuwa nimesomea kusema. Bi. Zaituni alipostaafu aliniachia kamba ile ikiwa na mafundo mengi hata haikunjiki vizuri.

Nisijifanye malaika. Mke wangu, Selina, aliichukua kamba hiyo Jumamosi moja akaenda kupima gunia la makaa ambalo nyumba yetu ilikuwa inamaliza. Tulikuwa tunachoma kuliko familia ya watu tisa kule Malava, na tulikuwa wanne. Sababu ilikuwa maji yangu ya kuoga, ambayo niliyataka ya moto na mengi. "Mwalimu," aliniambia akiwa amesimama mlangoni mwa bafu, "hao watu wako wanajua unaoga hivi?" Nilianza kuoga kwa beseni moja. Sikuwaambia watu wangu.

Tena tulikuwa tukihudhuria semina za kupinga plastiki, kila mtu na chupa yake ya maji ya plastiki mezani. Na kila msimu wa kupanda miti mgeni wa heshima alipanda mche katika shimo lile lile nyuma ya ofisi, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu na kivuli na mpiga picha. Mche haukushika hata mara moja. Shimo lenyewe lilikuwa na uzoefu wa kazi kuliko mimi.

Sasa niingie kwenye habari ya chemchemi.

Ilikuwa chini ya shamba la Mzee Shimuli, ikitoka kwenye jiwe na kupita kwenye kipande cha bomba. Kaya kama kumi na mbili zilichota hapo. Aliyeitegemea zaidi ni Rispa, mke wa mwana mkubwa wa Mzee Shimuli. Mume wake alikuwa anafanya kazi Eldoret, naye Rispa alibaki nyumbani na watoto watatu, ng'ombe wawili na bustani ya sukuma wiki na mrenda iliyowasomesha hao watoto. Aliniita yeye mwenyewe. Nilipofika alikuwa ameweka mtungi wa lita ishirini chini ya bomba, na maji yalikuwa yanadondoka kama mtu anayefikiria jambo lingine.

"Naweka hii nikienda kanisa," akaniambia. "Nikirudi, bado haijajaa. Na pasta wetu si mtu wa kuhubiri kidogo."

Juu ya chemchemi, kwenye mteremko, kulikuwa na mikaratusi arobaini na mmoja, mirefu, iliyonyooka, kila mmoja unaning'iniza magome kama fundi aliyevua shati. Mnajua mkaratusi ukipandwa juu ya chemchemi unafanya nini. Rispa naye alijua, bila shahada.

"Si umwambie mzee?" nikasema.

Akaniangalia kama mtu aliyetoka nchi nyingine. Nyumba nyingi siku hizi zimelegeza, lakini kwa Mzee Shimuli mke wa mwana haongei na baba mkwe ana kwa ana. Hampi mkono, haketi alipoketi, na akiwa na neno, linapitia kwa mtu wa tatu.

"Mimi siongeangi na baba," akasema. "Ndiyo nimekuita wewe. Mwambie hii maji ikiisha, nitarudi kwetu Kabras na watoto. Nimeshaambia mume wangu. Siwezi kupandisha maji kutoka mtoni kwa kichwa mpaka nizeeke."

Hakuwa anatishia. Alikuwa ameshahesabu hatua za kule mtoni.

Mzee Shimuli alinipokea vizuri. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake nje ya nyumba, chini ya upenu, uso umeelekea mikaratusi, jinsi watu wengine wanavyoelekea televisheni. Rispa alikuwa mlangoni mwa jiko lake, hatua kama kumi kutoka kwetu, ametupa mgongo, anachambua mrenda. Kila neno alilisikia. Nikafanya kosa ambalo Bi. Zaituni asingelifanya: nikaanza na mazingira.

"Mzee, mkaratusi mmoja hunywa maji mengi sana kwa siku."

"Umeuona ukinywa?"

"Unakunywa kwa mizizi, mzee."

"Ninyi wa ofisi mnakunywa kwa nini?"

Nikamweleza juu ya udongo na mvuke na majani. Alisubiri nimalize. Mvua ya mawe ya alasiri ilikuwa imeanza kupiga bati, kama kawaida yetu, ikabidi nipaze sauti kuelezea uhaba wa maji.

"Kijana," akasema, nami nilikuwa na mvi, "nilipomzika baba yangu kuni ziliisha siku ya pili. Watu wamejaa boma, chakula hakijaiva. Wajomba zangu wakang'oa mlango wa zizi wakauchoma. Mpaka leo nikienda kwao wananiuliza kama nimepata mlango. Mwaka uleule nikapanda hii. Hii si miti. Hii ni matanga yangu. Siku hiyo ikifika, watu wa Lurambi wataota moto mpaka waombe ruhusa ya kwenda nyumbani."

"Na maji, mzee? Rispa anasema..."

"Mwambie huyo mama," akasema, bila kugeuka, "kwamba mto upo."

Nikamgeukia Rispa. "Mzee anasema mto upo."

"Mwambie baba nimesikia," akasema Rispa akiendelea na mrenda. "Na umwambie Kabras pia ipo."

Nikamgeukia mzee. "Anasema..."

"Nimesikia."

Nilirudi pale mara tano au sita mwaka huo. Nilileta picha. Nilileta afisa wa maji. Nilileta waraka wa serikali kuhusu mikaratusi na vyanzo vya maji, akauchukua, akausoma wote, akanishukuru kwa sababu alikuwa anatafuta karatasi ngumu ya kuzibia dirisha. Rispa naye alikuwa ameuza ng'ombe mmoja, kwa kuwa maji hayakutosha wawili. Alianza kufunga vyombo asivyovitumia kila siku.

Ndipo jirani yao mmoja, mwalimu mstaafu, alipofariki. Nikaona nafasi yangu. Niliiomba familia yake ruhusa ya kujenga majiko mawili makubwa ya matofali na udongo kwa ajili ya wapishi wa kilio, nipime kuni zitakazotumika. Nia yangu ilikuwa Mzee Shimuli aone kwa macho yake kwamba matanga hayahitaji miti arobaini na mmoja.

Siku ya mazishi nilikuwa pale mapema na kamba yangu, nikipima lundo la kuni huku na huku kama fundi wa nguo. Majiko yalifanya kazi vizuri mno. Saa nne lundo lilikuwa karibu zima. Mzee Shimuli akafika na fimbo yake, akasimama langoni, akatazama angani.

"Moshi uko wapi?" akauliza.

"Haya majiko hayatoi moshi mwingi, mzee," nikasema kwa fahari.

"Sasa mtu akipita barabarani atajuaje hapa kuna kilio? Atafikiri ni mkutano wa chama."

Wazee wenzake wakakubaliana naye. Mmoja akasema yeye kwake wakimletea majiko ya namna hiyo atafufuka. Nikaweka kamba mfukoni.

Chai ilipaswa kutoka saa tano. Haikutoka. Chemchemi ilikuwa inatoa kile ilichokuwa inatoa, na mitungi iliyopangwa pale tangu alfajiri ilikuwa haijajaa. Vijana wa bodaboda walitumwa mjini kuleta maji, wakarudi na machache na malalamiko mengi. Msiba ulikuwa na watu wengi kwa kuwa marehemu alikuwa amefundisha nusu ya kata. Saa saba chai ikaanza kugawiwa. Msichana mmoja wa ukoo akamletea Mzee Shimuli kikombe. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaona. Kilikuwa nusu.

Mzee akakitazama. Akakiinamisha kidogo, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka ndani.

"Hii ni nini?"

"Ni chai, kuka," akajibu, kwa neno letu la babu.

"Ingine iko wapi?"

"Wamesema maji iliisha, kuka."

Mzee Shimuli akageuza kichwa akatazama lundo la kuni. Lilikuwa kubwa, kavu, limepangwa vizuri, na karibu lote lilikuwa halijaguswa. Akatazama kikombe. Nyuma yetu mtu akasema kwa sauti, "Kuni ziko kama za shule ya bweni, na chai hakuna." Watu wakacheka kile kicheko cha msibani, cha kuziba mdomo. Obusuma, ugali wetu, ukachelewa mpaka wageni wa mbali wakaanza kuaga. Mzee aliondoka kabla pasta hajamaliza, akipandisha mteremko taratibu na fimbo yake.

Baada ya siku mbili akaniita.

Nilimkuta kwenye kiti kile kile, lakini kiti kilikuwa kimegeuzwa, kinaelekea upande wa chemchemi.

"Siku yangu," akaniuliza, "watu watakuja wangapi?"

"Wengi, mzee. Unajulikana."

"Watakunywa nini?"

Hapo nilikuwa na maelezo ya saa nzima. Nilikuwa nimeyasubiri maelezo hayo mwaka mzima. Nikanyamaza, na katika habari yote hii hilo ndilo jambo pekee nililolifanya sawasawa.

"Moto mkubwa hivyo," akaendelea, akijiambia mwenyewe, "na sufuria haina kitu. Wajomba watasema wao walichoma mlango, sasa mimi nimechoma na maji." Akanigeukia. "Tafuta mtu wa msumeno wa petroli."

Mikaratusi ilianguka kwa siku nne. Mzee hakuuza hata mmoja. Ilipasuliwa, ikapangwa, ikaezekewa bati, na lile banda la kuni likawa jengo kubwa kuliko yote bomani. Wageni waliuliza ni kanisa la dhehebu gani. Visiki tulivimenya maganda na kuvifukia udongo ili visichipue, maana mkaratusi hausikii ukiambiwa mara moja. Karibu na chemchemi tukapanda miti ya kienyeji. Rispa aliichagua kupitia kwangu, na mzee akaipinga kupitia kwangu, kisha akakubali kupitia kwangu. Nilirudi nyumbani koo linakauka.

Halafu hakuna kilichotokea. Mwaka wa kwanza chemchemi ilidondoka vilevile. Nitasema ukweli: nilianza kupita njia nyingine. Nilipokutana na Mzee Shimuli sokoni aliniambia, mbele ya watu, "Miti yangu imekufa, na maji hayajafufuka." Rispa alikuwa amemaliza kufunga vyombo. Alikuwa amebakiza sufuria mbili, mwiko na subira, na alinieleza kwamba subira ndiyo ingeisha kwanza.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka wa pili, Januari, wakati ambapo visima vya wengine vinaonyesha tope, nilipopigiwa simu. "Kuja uone," Rispa akasema, akakata. Nilikimbia na viatu vya ofisi. Maji yalikuwa yanatoka kwenye bomba kwa mkondo mmoja usiokatika, unene wa kidole gumba. Aliweka mtungi, tukasalimiana, nikamuuliza habari za watoto, na kabla hajafika mtoto wa tatu maji yakamwagika.

"Unaona," akasema, akiuondoa. "Sasa hata wakati wa kusengenya sina."

Siku hiyo aliweka sufuria mahali pake moja moja, akaning'iniza vikombe ukutani. Nilikaa jikoni nikimtazama. Jiko lake halikuwa na moshi, lakini nadhani nililia kidogo.

Kwa kuwa alikuwa amefurahi, nikamuuliza jambo lililokuwa linanikaa rohoni tangu mazishi yale. Kikombe nusu cha mzee. Wengine waliokuwa karibu naye, wazee wa rika lake, niliona wamepewa vikombe vimejaa.

"Aliyekuwa anamimina ni nani?" nikauliza.

Rispa akapanguza mwiko ambao ulikuwa safi.

"Mimi."

"Kwa hiyo chai ilikuwepo."

"Kwani nilisema kitu?" akaniuliza. "Mimi siongeangi na baba mkwe."

Basi, vijana, hotuba zangu, picha zangu, afisa wa maji na waraka wa serikali havikufika alikofika mama mmoja kwa kumimina chai pungufu. Andikeni hilo kwenye ripoti ya robo mwaka mkiweza. Mimi sikuweza, niliandika "uhamasishaji wa jamii".

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikwenda kuaga. Mzee Shimuli alikuwa amezeeka zaidi lakini sauti ilikuwa ile ile. Banda lake la kuni lilikuwa wazi, nikachungulia. Lilikuwa tupu. Kuku watatu walikuwa wanaoga vumbi katikati.

"Mzee, kuni ziko wapi?"

Akakohoa. Ilivyokuwa ni kwamba kila aliyepata msiba alikuja kuazima, na aliyepata harusi pia, na kila mmoja alisimama mbele ya lile banda akasema hajawahi kuona mzee aliyejipanga namna hii. Mzee hakuweza kuwanyima watu wanaosema ukweli. Akatoa, akatoa, mpaka kuku wakaingia.

"Wajomba zangu pia walikuja," akasema. "Niliwapa mzigo mkubwa. Hawajauliza tena habari ya mlango."

Akatazama miti ya kienyeji kule chini, iliyokuwa imefika kifuani mwa mtu.

"Ule mukumu pale, utafaa kuni baada ya miaka mingapi?"

"Ukitunzwa vizuri, mzee, thelathini hivi."

Akafikiri. Sikumwuliza umri wake, naye hakunitajia.

"Basi nitaungoja," akasema. "Sasa siwezi kufa na banda tupu. Watu watasema nini?"

Rispa alikuwa mlangoni mwa jiko, ametupa mgongo, anakata mboga. Kisu kikasimama.

"Mwambie baba," akaniambia, "asijali hata kidogo. Na haya majiko tuliyojifunza, kuni kidogo tu zinatosha. Hata matawi ya kupunguzia yanatosha. Maji iko mingi. Hata mwaka huu tunaweza, na watu washibe."

Nikamgeukia mzee, nikafungua mdomo nimfikishie kama nilivyozoea. Akainua mkono kunizuia, macho yakiwa bado kwenye miti.

"Mwambie huyo mama," akasema, "asiniharakishe."